TAA YA ONYO ISIZIMWE

Gazeti letu huandika mara nyingi habari za mpira, za mitihani na za maendeleo ya wanafunzi wa zamani, na ni vizuri liendelee hivyo. Leo naomba nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili niseme neno juu ya jambo linalotuhusu sote, wenye magari na wasio na magari. Jambo lenyewe ni vyombo vidogo vilivyomo ndani ya magari kwa ajili ya kutukinga na ajali. Naandika kwa Kiswahili si kwa sababu tu kwamba tangu mwaka 2017 lugha hii ni lugha rasmi ya Rwanda, bali kwa sababu tangu zamani ndiyo lugha ya gereji na ya madereva wa safari ndefu, nami nataka maneno haya yawafikie wao pia.

Mimi nilisoma katika shule hii, na kazi yangu ya sasa ni umeme wa magari hapa Kigali. Maoni yangu ni haya: hatari yetu kubwa si kukosa vyombo vya usalama. Vyombo tunavyo, maana magari mengi yanayopita Nyabugogo na Remera yaliletwa nchini yakiwa navyo tayari. Hatari yetu ni desturi mbaya ya kuvinyamazisha.

Mafundi huviita vyombo hivi sensa. Asidhani mtu kuwa ni ile sensa ya kuhesabu watu. Sensa ya gari ni chombo kidogo chenye kazi ya kuhisi jambo moja tu, kama vile mwendo wa gurudumu, mshindo, joto au umbali, kisha kulipeleka kwa njia ya umeme mpaka kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ndiyo inayoamua la kufanya. Kwa hiyo sensa ni kama macho na masikio, na kompyuta ni kama akili. Mtu mwenye akili nyingi aliyezibwa macho na masikio hataona shimo lililo mbele yake.

Tuchukue kwanza sensa ya gurudumu. Karibu na kila gurudumu kuna duara la chuma lenye meno, na mbele ya meno hayo kuna sumaku iliyozungushiwa waya. Kila jino linapopita, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Kompyuta huhesabu mapigo hayo na kujua gurudumu linazunguka upesi kiasi gani. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu katika barabara yenye maji, gurudumu hutaka kusimama ghafula na kuteleza, na gurudumu linaloteleza halitii usukani. Hapo kompyuta huiachia breki na kuishika tena, mara nyingi katika sekunde moja, ili gurudumu liendelee kuzunguka na dereva aweze kukata kona. Hiyo ndiyo ABS, ambayo kampuni ya Bosch iliitia katika magari ya Mercedes-Benz tangu mwaka 1978. Kwa mji uliojengwa juu ya vilima kama wetu, wenye miteremko mirefu na mvua nyingi, nadhani hakuna chombo kinachotufaa kuliko hiki.

Pili, tutazame mfuko wa hewa. Mmarekani John Hetrick alipata hati ya uvumbuzi wa mfuko huu mwaka 1953, lakini kwa muda mrefu haukuwa na faida kubwa, maana hapakuwa na kitu cha kuuambia mfuko kwa uhakika ni wakati gani ufunguke. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mwingine, Allen Breed, alitengeneza sensa ya ajabu kwa wepesi wake: gololi ya chuma ndani ya bomba, imeshikwa na sumaku. Gari likigonga kitu kwa nguvu, gololi huponyoka kwenye sumaku, huenda mbele na kuunganisha umeme, na mfuko hujaa. Siku hizi mahali pa gololi pameshikwa na kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, lakini kazi ni ile ile. Tangu gari kugonga mpaka mfuko kujaa hupita sehemu ndogo tu ya sekunde, kabla mtu hajapepesa jicho. Hata hivyo tukumbuke kwamba mfuko ni msaidizi wa mkanda; asiyefunga mkanda asiutegemee mfuko.

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu. Waliotengeneza magari walijua ya kuwa sensa inaweza kuharibika, kwa hiyo waliweka taa ndogo mbele ya dereva. Ukifungua ufunguo, taa za ABS na za mfuko wa hewa huwaka kwa sekunde chache wakati kompyuta inapojikagua, kisha huzimika. Ikiwa taa haizimiki, maana yake kuna ubaya, na dereva asitumainie chombo kile mpaka kitengenezwe. Taa ile haina faida nyingine duniani ila kusema kweli.

Lakini nini hufanyika? Nimeona gari ambalo taa yake ya onyo imebandikwa kipande cha utepe mweusi. Nimeona jingine ambalo globu imetolewa kabisa. Wapo mafundi hodari zaidi katika uovu, ambao huunganisha waya wa taa ya mfuko wa hewa na taa nyingine, ili zote mbili ziwake na kuzimika pamoja, na mnunuzi asishuku neno. Wengine hutia kipande cha kuzuia umeme mahali pa mfuko uliokwisha kupasuka, na kompyuta ikadanganyika ikadhani mfuko upo. Mwenye gari hufurahi kwa kuwa taa haimkeri tena. Nami nauliza, je, mtu akiwa na homa, atapona kwa kuvunja kipimajoto?

Ubaya huu haukomi kwenye taa. Mwaka 2015 serikali yetu iliagiza magari ya abiria yatiwe vidhibiti mwendo, yasipite kilomita 60 kwa saa. Kidhibiti nacho hutegemea sensa: huhesabu mapigo ya mwendo, na yakizidi kipimo huizuia injini. Haukupita muda mrefu Polisi wakaanza kutangaza kwamba wamekamata madereva na mafundi wanaokata nyaya zake. Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nchini Kenya, Waziri John Michuki alilazimisha vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa katika matatu mwaka 2004. Mwanzoni nidhamu ilionekana, kisha vikaanza kuchezewa. Tanzania nayo imetia katika mabasi ya mikoani vyombo vinavyopeleka habari za mwendo kwa mamlaka inayosimamia usafiri, na huko pia wamepatikana watu wa kuviharibu. Nchi tatu, vyombo mbalimbali, na mkono ule ule wenye koleo.

Labda msomaji atasema kuwa kilomita 60 na 80 hazina tofauti kubwa. Na tupige hesabu tuliyofundishwa darasani. Gari la kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, na la 80 hupita mita 22. Kwa hiyo kabla dereva hajagusa breki, la pili limekwisha kupita mita tano zaidi, ambazo ni upana wa barabara ndogo anapovuka mtoto. Tena nguvu ya mshindo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Ukitoka 60 kufika 80, nguvu huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Breki iliyotosha kwa mwendo wa kwanza huenda isitoshe kabisa kwa wa pili, hasa basi linapoteremka kutoka Shyorongi kuja Nyabugogo.

Mwezi wa Februari 2025 basi la abiria lilitoka barabarani katika Wilaya ya Rulindo likaanguka bondeni, na watu wapatao 20 walikufa. Kuhukumu chanzo cha ajali ile si kazi yangu, wala sisemi kwamba ilitokana na mambo haya. Nalitaja ili tukumbuke ni roho ngapi hukaa nyuma ya dereva mmoja katika milima yetu. Abiria hawezi kuiona taa iliyo mbele ya dereva, na mwenda kwa miguu hawezi hata kidogo. Lakini wao ndio wanaolipa anapokosea yule anayeweza kuiona.

Najua majibu nitakayopewa. Jibu la kwanza ni fedha. Wenye teksi husema kuwa sensa moja mpya hula mapato ya siku nyingi, na hilo ni kweli. Lakini katika kazi yangu naona kwamba mara nyingi sensa ya gurudumu haijafa. Imejaa matope na vumbi la chuma lililonaswa na sumaku, au waya wake umekatika kwa mashimo ya barabara, au beringi imelegea na duara la meno limekaa mbali nayo. Kuisafisha ni kazi ya muda mfupi. Fundi anayekimbilia kuzima taa kabla ya kutazama gurudumu hamwokolei mteja fedha. Anaficha uvivu wake au ujinga wake.

Jibu la pili hutoka kwa wazee wetu. Husema, “Sisi tuliendesha Peugeot na Land Rover zisizo na sensa hata moja, na tulifika.” Nawaheshimu, lakini dereva wa zamani alijua kwamba gari lake halina msaada, akajihadhari. Dereva wa leo hukaa katika gari lililoandikwa kwamba lina ABS na mifuko ya hewa, akaamini na kukimbia. Gari lisilo na chombo ni gari maskini tu. Gari lenye chombo kilichokufa na taa iliyozimwa ni gari la uongo, na uongo huo utauzwa pamoja na gari kwa mtu wa pili na wa tatu.

Jibu la tatu ni kwamba vyombo hivi na kamera za barabarani, zile ambazo watu wa Kigali wamezipa jina la Sofia, ni njia ya kutoza watu faini tu. Hapa na tukumbuke yaliyotokea mwaka 2021. Watu walilalamika kwamba mahali pengine mwendo ulioruhusiwa ulikuwa mdogo mno. Walisema waziwazi, wakasikilizwa, na katika baadhi ya barabara kipimo kikarekebishwa. Hiyo ndiyo njia ya raia. Kipimo kikiwa kibaya, na tuseme mchana. Tusikate waya usiku.

Basi tufanye nini? Kwanza, naona yafaa ukaguzi wa magari ulitazame jambo hili kwa ukali, na gari ambalo taa ya onyo haiwaki kabisa ufunguo unapofunguliwa lihesabiwe sawasawa na gari lisilo na breki. Pili, fundi anayezima taa kwa makusudi aadhibiwe kama muuza dawa bandia, maana wote wawili wanauza tumaini lisilokuwapo. Tatu, fundi akishindwa kutengeneza, au mwenye gari akikosa fedha, ubaya uandikwe katika karatasi na taa iachwe ikiwaka. Umaskini si aibu. Kudanganya ndiyo aibu.

Nne, na hili nawaambia ninyi mlio madarasani: fizikia mnayojifunza ya sumaku na koili si ya mtihani peke yake. Tangu mwaka 2018 Volkswagen inaunganisha magari hapa Kigali. Huko Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya la abiria linalouzwa halina budi kuwa na sensa za kuona mbele na kushika breki lenyewe dereva akichelewa. Magari hayo yatatufikia, yakiwa mapya au yamekwisha kutumika. Sensa zake ni kamera na rada, nazo zahitaji kupimwa kwa uangalifu hata baada ya kubadilisha kioo cha mbele. Nani atakayezipima? Ikiwa vijana wenye elimu wanaidharau gereji kwa sababu ya mafuta mikononi, kazi hiyo itabaki kwa mwenye utepe mweusi.

Polisi wetu walianzisha mwaka 2019 mafundisho waliyoyaita Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani. Ni maneno mazuri, lakini hayatoshi kubandikwa ubavuni mwa basi. Kila msomaji anaweza kuanza leo. Ukikaa karibu na dereva, au ukipanda gari la mjomba wako, tazama taa anapofungua ufunguo. Je, zimewaka? Zimezimika? Ikiwa moja imebaki inawaka, au haikuwaka kabisa, mwulize kwa adabu. Kuuliza si utovu wa heshima kwa mkubwa, maana roho iliyomo garini ni yake na ni yako. Na wewe uliyeshika spana, ukiletewa gari na kuambiwa, “Nizimie taa hii inanisumbua,” mjibu kwamba kazi yako ni kutengeneza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hujengwa makaburini.