Nani Anakagua Mzani wa Mtihani?

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, yaliyotangazwa Disemba 2025, yameshawagawa watoto wetu. Wako walioitwa shule kubwa za daraja la C1, na wako waliopangiwa shule za karibu na nyumbani ambazo hata maabara hazina. Tangu hapo, kuanzia Mombasa mpaka Lamu, wazazi wanazungumza juu ya karo, umbali, na watoto waliopangiwa shule ambazo hawakuzichagua. Hayo ni maswali ya haki. Lakini liko moja halijaulizwa kwa sauti: kipimo kilichotumika kuwagawa watoto hao kilikaguliwa vipi, na nani alikikagua?

Ukienda Kongowea kununua viazi, mzani wa muuzaji unatakiwa uwe na alama ya mkaguzi wa vipimo wa serikali. Mkaguzi yule hauzi viazi wala hanunui. Kazi yake ni kuja na mawe yake ya uhakika, kuupima mzani, na kuthibitisha kwamba kilo moja ni kilo moja, awe anayenunua ni tajiri au maskini. Na sisi Waislamu tunajua uzito wa jambo hili, kwani iko sura nzima ndani ya Qur'ani iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin.

Mtihani nao una wakaguzi wake, nao ni wataalamu wa upimaji wa elimu. Si watunzi wa maswali, si wasahihishaji, wala si maafisa wanaosimama mbele ya kamera siku ya matokeo. Ni watu waliosomea hesabu za takwimu pamoja na ualimu, na vyuo vikuu vyetu, ukiwamo wa Nairobi, vinafundisha taaluma hiyo mpaka shahada ya uzamili. Wao huuliza maswali ambayo mzazi hana njia ya kuyauliza. Je, swali hili linawatenganisha wanaojua na wasiojua, au linamchanganya kila mtu? Je, karatasi ya mwaka huu ina ugumu sawa na ya mwaka jana? Je, alama ya mtoto huyu ina uhakika kiasi gani?

Tulianze hilo la mwisho, maana ndilo linalogusa kupangiwa shule.

Mtoto yuleyule akipewa karatasi mbili zinazolingana, moja Jumatatu na nyingine Alhamisi, hatapata alama zilezile kamili. Siku moja ameamka na homa, siku nyingine swali limeangukia mada aliyoisoma jana usiku. Tofauti hiyo wataalamu huiita kosa la kipimo. Haina maana kwamba kuna mtu ameharibu kazi. Kila kipimo kinayo, na mtaalamu anajua kuikadiria. Kule Marekani, mwanafunzi aliyefanya mtihani wa SAT huonyeshwa alama yake pamoja na wigo ambamo uwezo wake halisi unakadiriwa kuwa. Anaambiwa wazi kwamba nambari ile si msumari uliopigiliwa ukutani.

Sasa tazama mfumo wetu. KJSEA ina viwango 8, kuanzia BE2 yenye pointi 1 hadi EE1 yenye pointi 8. Masomo ni 9, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 72. Katika mgawanyo uliotolewa na Baraza la Mitihani, KNEC, alama 41 hadi 57 ni ME2, pointi 5, na alama 58 hadi 74 ni ME1, pointi 6. Mtoto wa 57 anahesabiwa sawa na mtoto wa 41, ambao wametofautiana kwa alama 16. Lakini yule wa 57 anatofautishwa na jirani yake wa 58, ambao wametofautiana kwa alama moja tu. Alama hiyo moja inaweza kuwa kosa la kipimo tupu. Likimwangukia mtoto katika masomo matatu au manne, anapoteza pointi tatu au nne, na kwenye shule zinazogombaniwa hizo zinatosha kumfungia mlango.

Mipaka lazima iwepo mahali fulani, hilo nakubali. Kazi ya mtaalamu ni kutwambia mipaka ile iliwekwa kwa hoja gani, na ni watoto wangapi wamesimama karibu nayo kiasi kwamba nambari peke yake haifai kuwaamulia. Hao ndio wanaostahili kuangaliwa kwa jicho la pili kabla ya kupangiwa shule.

La pili ni hizi asilimia. Alama ya mwisho ya mtoto wa Gredi ya 9 imejengwa kwa sehemu tatu: asilimia 20 kutoka KPSEA aliyofanya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe. Nia ni njema. Mtoto hahukumiwi kwa wiki moja tu, kama tulivyohukumiwa sisi tuliofanya KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kuzikwa 2023.

Lakini tathmini za shuleni, ijapokuwa kazi zenyewe hutoka KNEC, husimamiwa na kusahihishwa na mwalimu wa darasa, kisha alama zikapelekwa kwa mtandao. Mwalimu mmoja ana watoto 25, maabara na kompyuta. Mwingine, huko ndani Ganze au Tana Delta, ana watoto 70, na anafundisha hata masomo ambayo hakuyasomea. Mmoja ni mkali, mwingine ni mpole. Mmoja anaogopa kuonekana shule yake imeanguka, mwingine anaandika anachokiona. Alama 60 kutoka kwa hawa wawili si kitu kimoja, kama vile pishi ya duka hili haikuwa lazima ilingane na pishi ya duka lile kabla ya mkaguzi kupita. Kuzilinganisha kunahitaji sampuli za kazi za watoto zisahihishwe upya na watu wasiozijua shule zile, na alama zirekebishwe panapohitajika. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa upimaji, na umma una haki ya kuonyeshwa imefanywaje.

La tatu linatugusa sisi wa Pwani zaidi. Watu husema kwa mzaha kwamba Mswahili huanguka mtihani wa Kiswahili. Mzaha huo una historia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, si Kimvita. Mtoto wa Mji wa Kale anayesema nyumbani “ndia”, “mato” na “yuwaenda” huingia darasani akasahihishwa lugha ya bibi yake. Akiandika hivyo kwenye insha, anakatwa alama. Sipingi usanifu, maana nchi inahitaji lugha moja ya maandishi. Nauliza tu: mtoto huyo amepimwa ufahamu na ufasaha wake, au amepimwa umbali uliopo baina ya nyumba yao na kitabu?

Wataalamu wana njia ya kulijibu swali kama hilo bila kelele za siasa. Huchukua watoto waliopata jumla sawa, tuseme wa Lamu na wa Nyeri, halafu huangalia swali moja moja. Ikiwa watoto hawa wana uwezo uleule kwa jumla, lakini swali fulani wa Lamu wanalikosa kwa wingi kuliko wenzao, basi swali hilo lina jambo. Pengine limezungumzia kitu ambacho mtoto wa kisiwani hajakiona. Pengine neno lake lina maana nyingine kwao. Swali hilo huchunguzwa, na likionekana lina upendeleo, huondolewa. Mashirika makubwa ya mitihani Marekani yamekuwa yakifanya hivyo tangu miaka ya 1980. Hata sisi tungefanyiwa hivyo, tungejua kama mashaka yetu ni ya kweli au ni hisia tu.

Yako mataifa yaliyojifunza mambo haya kwa uchungu. Mwaka 2020, corona ilipozuia mitihani Uingereza, alama za A-level zilikadiriwa na walimu, kisha zikapitishwa kwenye fomula iliyoangalia historia ya shule. Huko England karibu asilimia 40 ya alama za walimu zilishushwa. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo zamani haikufanya vizuri alibebeshwa rekodi ya waliomtangulia. Wanafunzi waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma, ikakubali alama za walimu. Lakini miezi michache kabla yake, chama cha wanatakwimu cha huko, Royal Statistical Society, kilikuwa kimejitolea kutoa wataalamu wasaidie. Kikatakiwa wataalamu hao watie saini mkataba wa kunyamaza, kikakataa. Elimu ilikuwepo, na wenye kuijua walikuwepo, lakini waliwekewa sharti la kufunga mdomo.

Jirani zetu Tanzania nao wanakumbuka. Matokeo ya Kidato cha 4 ya mwaka 2012, yaliyotoka Februari 2013, yaliwapa zaidi ya nusu ya watahiniwa daraja sifuri. Mwezi Mei serikali ikayafuta, kwa sababu utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa, na yakachakatwa upya kwa utaratibu wa zamani. Vijana walikuwa ni walewale, na karatasi zao za majibu zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kupima, na maelfu wakajikuta na matokeo mengine.

Najua watakaosema kwamba haya ni visingizio vya watu wa Pwani. Kila mwaka matokeo yakitoka, viongozi wetu hulaumu disko matanga, bodaboda, wazazi, uvivu na bahari. Mimi sisemi mtihani una kosa. Nasema haujaonyeshwa kwetu ukiwa umekaguliwa. Na ukaguzi hukata pande zote mbili. Ukionyesha kwamba maswali yalikuwa ya haki kwa mtoto wa Msambweni kama yalivyo kwa mtoto wa Nairobi, basi tutanyamaza kuhusu karatasi na tutageukia pale tatizo lilipo: walimu wachache, vitabu, njaa, na madarasa ya chini ya mwembe. Magavana na wabunge wetu hawatakuwa tena na pa kujificha.

Wako pia watakaosema KNEC ina wataalamu wake. Ni kweli inao, na taasisi hiyo pia hufanya tathmini za kitaifa za kuangalia viwango vya kusoma na hesabu. Shida ni kwamba siku ya matokeo tunamsikia waziri, tunasikia asilimia, tunasikia pongezi, lakini hatusikii sauti ya mtaalamu akisema kipimo hiki kina nguvu hapa na udhaifu pale. Ripoti ya aina hiyo si siri ya dola. PISA, tathmini ya kimataifa ya shirika la OECD, huchapisha kitabu kizima cha kueleza jinsi ilivyopima.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza njia ya kuziomba. Akinyimwa, anapeleka malalamiko yake Tume ya Haki ya Utawala. Basi vyama vya wazazi, mabaraza ya maimamu na makanisa, na kamati za elimu za mabunge ya kaunti zetu sita waandike barua moja kwa KNEC kabla ya kundi la pili la KJSEA kukaa chini mwishoni mwa mwaka huu. Waombe mambo matatu: ukubwa wa kosa la kipimo katika kila somo, namna alama za shuleni zilivyosawazishwa, na uchunguzi wa maswali kwa kulinganisha maeneo ya nchi. Na walimu wetu wa Pwani waliosomea upimaji, ambao wako, waitwe kwenye mikutano hiyo waifafanue majibu yakija, kwa lugha ambayo mama muuza mahamri ataielewa. Mwanawe naye yumo katika hesabu hiyo.