Haifai Kuwatega Kanga Wakati wa Masika

Wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, tumekusudia kusema neno juu ya desturi ambayo wengi huihesabu kuwa jambo dogo. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi na majani yakirefuka, wako akina baba wachukuao wana wao na watoto wa ndugu zao kwenda porini kutega kanga. Hutafuta viota, hutega tanzi katika njia ya jike, kisha hurudi na mama pamoja na mayai. Sisi twasema desturi hii haifai, na yapasa ikome.

Tufikiri kwanza habari za ndege mwenyewe. Kanga hatagi juu ya mti. Huparua kishimo chini, katika majani marefu, na humo hutaga mayai yapata kumi, pengine zaidi. Huatamia kwa muda wa majuma manne hivi, na vifaranga wakitoka, baba yao naye husaidia kuwatunza. Basi anayemwua jike kiotani hakuua ndege mmoja. Ameua kundi la kiangazi kijacho. Kisha mtu huyo huyo hulalamika kwamba kanga wamekwisha.

Mtu akisema, “Hata watu wa Marekani huwinda bata mzinga wa mwituni majira ya kuchipua, baba na mwana pamoja,” twamjibu, ni kweli. Lakini wao walijifunza kwa hasara: mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hao walikuwa karibu kwisha, ndipo zikawekwa sheria kali. Tena katika majira hayo huwinda kwa kawaida madume, ambao hutambulikana kwa ndevu za kifuani. Kanga si hivyo. Dume na jike wafanana manyoya, na tanzi halina macho. Tusiige nusu ya neno na kuiacha nusu.

Mwingine atasema, “Kanga hufukua mbegu zetu.” Nalo ni kweli, wala hatumdharau mkulima. Lakini dawa yake ni kuamia shamba siku zile chache mpaka miche isimame, si kumwua mama aliye kiotani porini. Kanga huyo huyo hula panzi, mchwa na mbegu za magugu. Na atiaye sumu ya wadudu katika chambo afanya vibaya kupita wote. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, karibu na ziwa hili letu, ndege wameuawa hivyo wakauzwa kuwa kitoweo. Je, sumu iliyomwua ndege itamhurumia mtoto anayemla?

Lakini neno kuu ni watoto. Kijana amfuataye baba yake au mjomba wake porini hujifunza mema: kutambua nyayo, kunyamaza, kuvumilia. Hayo hatuyapingi. Twapinga somo la mwisho, kwamba mwenye nguvu aweza kumnasa mama akiwa juu ya mayai yake. Someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Hapo aliyekuta kiota aamriwa amwache mama aende zake, na ahadi yake ni heri na siku nyingi. Katika Kutoka 20:12 siku nyingi zaahidiwa pia wenye kuwaheshimu baba na mama. Atakaye kuheshimiwa na wanawe asiwafundishe kudharau uzazi.

Tena sheria ya nchi ya mwaka 2009 yakataza kuwinda wanyamapori pasipo kibali. Na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitangaza huko Arusha mwezi wa Septemba 1961 kwamba wanyama wa porini ni amana tuliyopewa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Itakuwa aibu amana hiyo ikiliwa nyumbani kwake.

Basi, akina baba, nendeni porini pamoja na watoto wenu. Waonyesheni kiota, wahesabuni mayai, kisha ondokeni polepole. Mtoto aliyejifunza kujizuia mbele ya ndege asiye na mtetezi, atajizuia pia mbele ya mali ya mjane na yatima.