Fukwe za Adria: Mchanga ni wa nani?

Kila kiangazi, magari yenye namba za Ujerumani, Austria na Slovenia hupanga foleni katika gati ya Stinica, pwani ya Kroatia, yakisubiri kivuko cha kwenda kisiwa cha Rab. Safari yenyewe huchukua takriban robo saa tu, lakini siku za mwisho wa juma kusubiri kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuvuka. Wengi wa abiria ni wazazi wenye watoto wadogo, na wengi wanaelekea mahali pamoja: kijiji cha Lopar, kaskazini mwa kisiwa, penye ufukwe unaoitwa Rajska Plaža, yaani Ufukwe wa Peponi.

Kinachowavuta huko si hoteli za kifahari. Ni mchanga.

Kwa msomaji aliyezoea pwani ya Bahari ya Hindi, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, Kroatia yenye visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya 1,000 ina fukwe chache mno za mchanga. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mawe ya chokaa yanayoshuka ghafla majini, au kokoto zinazochoma nyayo. Waogaji huvaa viatu vya mpira kujikinga na mawe makali na viumbe wenye miiba. Mtu mzima hustahimili hali hiyo, bali mtoto wa miaka mitatu hawezi.

Lopar ni tofauti kwa sababu ya asili ya ardhi yake. Rasi hiyo imefanyika kwa mawe ya mchanga, ambayo humomonyoka kwa mvua, upepo na mawimbi na kurudisha mchanga ufukweni. Rajska Plaža una urefu wa takriban kilomita moja na nusu. Sakafu ya bahari huteremka polepole kiasi kwamba mtu mzima hutembea mwendo mrefu kabla maji hayajamfika kifuani, na mikono ya ghuba huvunja nguvu ya mawimbi. Kupwa na kujaa kwa bahari ni kudogo sana kulinganisha na Afrika Mashariki, ambako maji hurudi nyuma mamia ya mita. Hivyo ufukwe huo huogeleka asubuhi hadi jioni.

Kwa maneno mengine, ni mali adimu katika nchi inayoitegemea bahari kwa kipato. Na mali adimu haikosi wa kuigombea.

Kroatia ilikuwa na watu takriban milioni 3.9 katika sensa ya mwaka 2021. Mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya milioni 20, wengi wao katika miezi michache ya kiangazi na katika ukanda mwembamba wa pwani. Utalii huchangia karibu moja ya tano ya pato la taifa, kiwango ambacho ni miongoni mwa vile vya juu kabisa katika Umoja wa Ulaya. Lopar, kijiji chenye wakazi wasiofika 1,300, hugeuka mji mdogo kila Agosti, na maji safi, barabara na uzoaji wa taka hulemewa.

Ndiyo maana swali la nani ana haki juu ya ufukwe limekuwa la kisiasa. Kwa mujibu wa sheria ya Kroatia, pwani na bahari ni mali ya umma isiyoweza kumilikiwa na mtu binafsi. Serikali inaweza kutoa kibali cha kuitumia kwa biashara, lakini ardhi yenyewe haiuzwi. Msingi huo unaheshimiwa sana na wananchi, ambao wengi wao wanakumbuka enzi za Yugoslavia, wakati makampuni ya umma na vyama vya wafanyakazi vilipokuwa na nyumba za mapumziko pwani na mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuwapeleka watoto wake baharini kwa gharama nafuu. Baada ya uhuru wa mwaka 1991, nyingi ya nyumba hizo ziliachwa zikaharibika au ziliuzwa kwa watu binafsi.

Kumbukumbu hiyo inaeleza kwa nini rasimu ya sheria mpya ya pwani ilizusha upinzani mkali mapema mwaka 2023. Wanaharakati wa mazingira na wakazi wa visiwani walihofia kwamba hoteli zingepewa mwanya wa kuzungushia uzio fukwe zilizo mbele yake. Serikali ya Waziri Mkuu Andrej Plenković ilikanusha nia hiyo, ikaifanyia rasimu marekebisho, na Bunge likapitisha sheria mwezi Julai mwaka huo. Chini ya utaratibu mpya, vibali vya biashara ndogo ndogo, kama kukodisha viti vya kulalia na miavuli, hutolewa kwa ushindani na kwa kufuata mpango wa serikali ya mtaa.

Hata hivyo, sheria ni jambo moja na mchanga ni jambo jingine. Uzio si njia pekee ya kumzuia mtu. Safu za viti vya kukodi zikiongezeka hadi ukingoni mwa maji, familia iliyobeba taulo na chakula chake hujikuta imesukumwa pembeni bila yeyote kuiambia iondoke. Ufukwe hubaki wa umma kwenye karatasi, huku nafasi yenyewe ikinunuliwa kwa siku.

Mfano ulio wazi zaidi wa hali hiyo uko ng'ambo ya bahari. Upande wa Italia, kuanzia Grado na Lignano hadi Jesolo na Rimini, Adria ina mchanga mwingi ulioletwa kwa maelfu ya miaka na mito, ukiwamo mto mkubwa wa Po. Maji ni mafupi na yametulia, na mawe yaliyopangwa baharini hupunguza mawimbi. Rimini ilipata kituo chake cha kwanza cha waogaji mwaka 1843, na tangu hapo ukajengeka utamaduni wa kipekee: ufukwe hugawanywa vipande, kila kipande kina mwendeshaji wake, rangi zake za miavuli na wateja wake, ambao mara nyingi hurithishana nafasi kutoka babu hadi mjukuu.

Kwa familia, utaratibu huo una faida zisizopingika. Kuna mwokoaji, choo, bafu, kivuli na mahali pa watoto kucheza. Tatizo ni gharama, na pia namna vibali vilivyotolewa. Kwa miongo mingi vilihuishwa vyenyewe, bila zabuni. Mahakama ya ukaguzi wa hesabu ya Italia ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2016 na 2020 serikali ilikusanya wastani wa takriban euro milioni 100 tu kwa mwaka kutokana na vibali vya pwani nchi nzima, ilhali biashara yenyewe inakadiriwa kuwa ya mabilioni.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2006 agizo la huduma linalotaka vibali vya aina hiyo vishindaniwe. Serikali za Italia, za mrengo wa kulia na wa kushoto, ziliahirisha utekelezaji mara kwa mara. Mwaka 2021 mahakama kuu ya masuala ya utawala iliamua kwamba vibali vya zamani vikome mwishoni mwa mwaka 2023. Serikali ya Giorgia Meloni ilisogeza mbele tena muda huo, na Septemba 2024, baada ya mvutano na Brussels, ikakubali zabuni zifanyike huku vibali vya zamani vikiruhusiwa kuendelea hadi Septemba 2027. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 9 Agosti, baadhi ya waendeshaji walikuwa wamegoma kwa kuchelewa saa mbili kufungua miavuli.

Hoja ya waendeshaji si ya kupuuzwa. Wengi ni familia zilizowekeza maisha yao katika vipande hivyo, na wanahofia kwamba zabuni zitawaingiza wenye mitaji mikubwa watakaopandisha bei zaidi. Wapinzani wao nao wanauliza kwa nini mali ya umma irithishwe kama shamba la ukoo. Pande zote mbili zinasema zinamtetea mtu wa kawaida.

Kusini zaidi, nchini Montenegro, mvutano kama huo una sura nyingine. Velika Plaža, karibu na mji wa Ulcinj, ni ufukwe wa mchanga wenye urefu wa zaidi ya kilomita 12, ambao sehemu kubwa yake haijajengwa. Mwaka 2025 makubaliano ya uwekezaji kati ya Montenegro na Umoja wa Falme za Kiarabu yaliwatoa wakazi mitaani kwa hofu kwamba ufukwe huo ungekabidhiwa kwa mradi mkubwa wa majengo bila ushindani wa wazi.

Aidha, gharama za maisha zimebadilika. Kroatia iliingia katika sarafu ya euro na eneo la Schengen siku moja, tarehe 1 Januari 2023. Ukaguzi wa kudumu katika mpaka na Slovenia uliondolewa, lakini bei zimepanda, na vyumba vingi pwani vimegeuzwa vya kukodisha kwa watalii huku vijana wa visiwani wakikosa nyumba. Serikali ilianzisha kodi mpya ya majengo mwaka 2025 ili kuwavutia wenye nyumba kuzipangisha kwa muda mrefu. Hoteli nazo hutegemea wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo Wanepali, Wahindi na Wafilipino. Mwaka 2024 nchi hiyo ilitoa vibali vya kazi zaidi ya 200,000.

Bahari yenyewe haikubaki nyuma. Kiangazi cha mwaka 2024 joto la maji huko Dubrovnik lilikaribia nyuzi 30, na kaskazini mwa Adria utando wa ute ulitanda juu ya maji. Ghuba zenye maji mafupi, ambazo ndizo salama kwa watoto, ndizo pia hupata joto upesi na kuchelewa kujisafisha.

Yote haya yanaifanya Rajska Plaža kuwa zaidi ya mahali pa mapumziko. Halmashauri ndogo ya Lopar inapopanga idadi ya viti, magari na vibanda, inaamua kama mzazi mwenye kipato cha wastani ataendelea kupata kipande cha mchanga bila kulipa. Italia iliuacha uamuzi wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 15, na sasa kila hatua inamgusa mwenye kibali, mwenye biashara au mpiga kura. Kroatia bado ina nafasi ya kuamua mapema, wakati sehemu kubwa ya mchanga huo ingali wazi.