Hisabati ni Kazi ya Ushirika

Mwezi Julai 2009, katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati iliyofanyika Bremen, Ujerumani, swali la sita lilimhusu panzi. Panzi huyo huanzia sifuri na kuruka kuelekea kulia kwa hatua zenye urefu mbalimbali. Alama zilizokatazwa ni pungufu kwa moja kuliko hatua zake, na hakuna iliyowekwa pale safari inapoishia. Ilipasa kuthibitisha kwamba hatua hizo zaweza kupangwa hata asitue juu ya alama yoyote. Washindani wachache mno walilimaliza. Mwezi huo huo mwanahisabati Terence Tao aliliweka kwenye intaneti, akataka kila mtu achangie wazo dogo tu, hata lisipokamilika. Swali likatatuliwa kwa pamoja.

Jambo hili lina maana kwa shule za Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Masika hufurisha mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe, na si rahisi mwanafunzi wa Matema akutane na mwenzake wa Ipinda. Hata hivyo, swali moja laweza kuwafikia wote wawili. Kwa kuwa shule nyingi hukataza wanafunzi kuwa na simu, mwalimu na awe tarishi: apokee mawazo ya shule jirani, ayaandike ubaoni, kisha apeleke ya darasa lake.

Waanze na mfano mdogo: hatua 1, 2 na 4, alama zilizokatazwa 3 na 6. Mmoja atapanga 1, 2, 4, naye panzi atatua juu ya 3. Mwingine, akiliona kosa hilo, atapanga 1, 4, 2, naye panzi atapita 1 na 5 hadi 7 salama. Kwa nini njia ipatikane daima? Hapo ndipo hisabati inapoanza.

Wako wanaodai kwamba ushirika huzaa uvivu na kunakili. Hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ni sheria mbili: lisipelekwe jibu kamili, bali hatua moja pamoja na sababu yake; na mwishowe kila mmoja aandike uthibitisho wote peke yake.

Kwa miaka mingi, watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne nchini wamefeli Hisabati. Mtihani utaendelea kufanywa na mtu mmoja mmoja. Kujifunza si lazima kuwe hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.