Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wapo wadhanio kwamba mwigizaji wa filamu huzaliwa, hafundishwi. Dhana hiyo ndiyo inayowaangusha vijana wetu, wa Gatuanyaga huko Thika na wa Mombasa pia. Hucheza mchezo mmoja, wakapigiwa makofi, wakajiona wamekwishafika.

Na wamtazame Lupita Nyong'o. Alikuwa na miaka 14 alipocheza kama Juliet wa Shakespeare katika jukwaa la Nairobi. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, hakuwamo katika waigizaji. Alifanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera. Mwaka 2009 alionekana katika Shuga, na bado akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu 2012. Tuzo ya Oscar aliipata 2014.

Mtasema Yale ni mbali, tena ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana kaunti zinapojenga ukumbi, na ziweke mwalimu ndani yake. Kipaji ni atiya, lakini hata mtoto wa chuoni huanza na alifu. Makofi ya usiku mmoja hayaundi jahazi.