Nakala Kwanza, Matengenezo Baadaye

Mwisho wa muhula, mwalimu wa sekondari, awe Masasi au Newala, huketi mbele ya kompyuta mpakato kukamilisha alama za wanafunzi wake. Mara mashine huanza kujikokota, kishale hugoma, kisha kila kitu hukwama. Aghalabu ushauri wa kwanza apewao ni huu: "Ifute yote, upige Windows upya." Maoni yetu ni kwamba ushauri huo, hata ukitolewa kwa nia njema, huja kabla ya wakati wake.

Hatukatai kwamba kufuta na kuweka programu upya huponya mashine nyingi. Lakini uzito wa kompyuta una asili nyingi. Huenda diski imejaa, au kumbukumbu ya muda haitoshi kwa programu zilizofunguliwa, au virusi vimeingia, au vumbi limeziba feni na joto likailazimisha prosesa kupunguza kasi. Huenda pia diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski, inakufa. Ikiwa hivyo ndivyo, "tiba" hiyo ya haraka yaweza kuondoka na kazi ya mwaka mzima.

Yafaa tueleze sababu. Ndani ya diski kuu ya kawaida mna sahani zenye utando wa sumaku, ambazo katika kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Sehemu ya sahani ikiharibika, diski haikiri kushindwa papo hapo. Hurudia kusoma tena na tena, na mashine huganda ikingoja. Kufuta na kuandika upya wakati huo ni kukitumikisha zaidi chombo kilichochoka, tena ni kuandika juu ya yale yale tuliyotaka kuyaokoa.

Tatizo la namna hii si geni katika sehemu hizo. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti, akarekodi nyimbo za wenyeji katika silinda za nta. Nta ilikuwa na kasoro moja: kila ilipochezwa, sindano iliikwangua kidogo. Mwenye hekima alinakili kwanza, akasikiliza baadaye. Diski inayokufa haina tofauti kubwa na nta hiyo. Kila usomaji waweza kuwa wa mwisho. Basi na utumike kunakili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utaratibu na uwe huu. Kwanza, usiandike kitu kipya katika mashine. Nakili mafaili kwenye flashi au diski ya nje, ukianza na yale yasiyopatikana kwingine: alama kabla ya picha. Lakini diski ikisikika ikigonga-gonga, izime mara moja, usiiwashe tena mpaka imfikie fundi ajuaye kuokoa mafaili.

Pili, chunguza. Katika mashine yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, utazame ni kipi kimeelemewa: prosesa, kumbukumbu au diski. Diski ikionyesha asilimia 100 kwa muda mrefu, ilhali inasoma kidogo sana, ishuku. Programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ila taarifa njema si dhamana, kwani diski huweza kufa bila onyo.

Tatu, iwashe kompyuta kwa flashi yenye Linux. Ikienda vizuri, shaka hubaki kwa diski au programu zilizomo. Ikikwama vile vile, tafuta kasoro kwingine, mathalani katika feni au kumbukumbu ya muda. Hapo ndipo uamue kufuta, kusafisha au kubadilisha diski.

Wanafunzi nao wasiachwe nje ya kazi hii. Kutoa dhana, kuijaribu, na kubadili jambo moja tu kwa wakati ndiyo njia ile ile wanayofundishwa katika maabara ya fizikia. Na hapa hakuna haja ya kununua kifaa cha ziada zaidi ya flashi.

Juu ya Uwanda wa Makonde hakuna mito ya kudumu, na mwenye nyumba wa Newala hangoji mvua ikatike ndipo akinge maji. Shule nayo isingoje mashine ikwame. Kila Ijumaa alama zinakiliwe mara mbili, na nakala moja ihifadhiwe katika jengo jingine. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini alama zilizopotea hazirudishwi na fundi yeyote kwa kupiga Windows upya.