Waifai Haina Haja ya Kungoja Intaneti

Katika nyanda za juu za Makonde, maji ni suala la uhai. Newala iko juu, maji yako chini bondeni. Ndiyo sababu husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, na mvua hukingwa mapaani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Newala, au wa Masasi, aundaye kifaa cha kupima maji ya tangi la shule hachezi.

Kibao cha kompyuta ndogo kiitwacho Arduino Uno, kilichotolewa mwaka 2010, hakina waifai. Si lazima kitupwe. Huongezewa kibao chenye ESP8266, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Espressif ya China mwaka 2014. Tatizo ni umeme: pini ya volti 3.3 ya Uno hutoa miliampia 50 tu, ilhali ESP8266 irushapo mawimbi huhitaji zaidi ya mara tatu ya hizo. Kifaa hujizima, na lawama humwangukia mwanafunzi bure.

Wapo wasemao kazi hiyo ingoje intaneti. Hoja hiyo haina msingi hata kidogo. Waifai ya kibao chenyewe huifikia simu ya mwalimu aliye karibu na tangi pasipo intaneti yoyote. Kinachotakiwa ni umeme wa pekee wa volti 3.3, nyaya za mawasiliano zipunguziwe volti 5 za Uno, na ruhusa ya mkuu wa shule ya kutoboa mfuniko wa tangi.